Kisukari Hakibaki Nyumbani Tunaposafiri



Shule zinakaribia kufungwa, na katika nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Malindi mazungumzo ya baada ya Isha yamekuwa ni yale yale: mwaka huu tuwapeleke wapi watoto? Wako wanaotaja Unguja, na wako wanaoweka akiba kwa ajili ya Istanbul. Wengi, kama ilivyo desturi yetu, wanasema Lamu: wakaione ngome, wapande mashua mpaka Takwa, waoge pwani ya Shela.

Kisha huja swali ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, mwenyewe akiwa jikoni: na mama je, na sukari yake?

Nimeyasikia majibu ya aina mbili. La kwanza ni kumwacha. Huambiwa kuwa safari ni ndefu, jua ni kali, na kwamba yeye atapumzika vizuri zaidi nyumbani. Mama huitikia, “Nendeni, wanangu, niombeeni dua,” akabaki na mfanyakazi na televisheni, na hakuna ajuaye jinsi alivyoumia. Jibu la pili ni kumchukua na kujifanya kwamba ugonjwa umeachwa kabatini pamoja na nguo za kila siku. Majibu yote mawili ni makosa. La kwanza humdhulumu mama. La pili laweza kumuua, na ndilo nililokusudia kulizungumza leo.

Yaliyompata khalati yangu

Ninaye khalati yangu ambaye sasa amepindukia miaka 60. Amekuwa na kisukari kwa miaka mingi, na hujidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Mwaka aliomwoza bintiye, wakwe waliandaa safari ya siku nne kwenda Lamu ili jamaa mbili zipate kujuana. Khalati alifurahi mno. Lakini usiku wa kuamkia safari alimwita bintiye faraghani akamwambia, “Usiwaambie habari ya sindano. Watasema wameoa katika nyumba ya maradhi.” Binti akanyamaza, kwa kumtii mamake.

Siku ya pili ya safari, baada ya Alfajiri, khalati alijifungia msalani akajidunga sindano yake, akitarajia kuwa staftahi italetwa muda si mrefu. Alipotoka alikuta shauri limebadilika. Wenyeji walisema ni heri watu watembee kwenda Shela kabla jua halijapanda, na kwamba mahamri na mbaazi wangevikuta huko huko. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni mwendo wa kilomita 3 hivi kwa kufuata pwani. Khalati alikunywa kikombe cha chai kavu isiyo na sukari, akaona haya kuomba kipande cha mkate, akaondoka na wenzake.

Njiani alianza kutoka jasho jingi kuliko wengine. Mikono ikamtetemeka, akawa kimya. Mavyaa wa bintiye alipomkaribia na kumwuliza, “Bi Mkubwa, umechoka?” khalati alimjibu neno ambalo sitaliandika hapa, neno ambalo katika umri wangu wote sijapata kumsikia akimwambia mtu. Watu walipigwa na bumbuazi. Binti na mumewe walikuwa mbele sana. Khalati akaketi kwenye ukuta wa pwani, macho yakamzunguka, akawa haelewi aambiwalo. Mmoja alisema amepatwa na jicho, akaanza kumsomea. Mwengine alisema ni jua, na apigwe kivuli alale.

Aliyemwokoa, kwa uwezo wa Mola, ni mjukuu wake wa miaka 9 ambaye hulala naye chumba kimoja. Mtoto alisema, “Bibi ameshukiwa na sukari. Nyumbani huwa tunampa maji ya sukari.” Akakimbia kwenye duka lililokuwa karibu, akarudi na chupa ya soda. Khalati alinyweshwa taratibu, kwa kuwa alikuwa bado aweza kumeza. Haikupita robo saa ila alianza kuwatambua watu na kuuliza kwa nini wote wamemzunguka.

Kumsomea mgonjwa si kosa. Sisi ni Waislamu na Qur'ani ni ponyo. Kosa ni kumsomea huku tukimwacha bila ya sukari.

Jioni ile mavyaa alikwenda kumkalia chumbani. Hakumlaumu kwa lile neno. Alimwuliza jambo moja tu: “Dada, lau ungeanguka mikononi mwetu, watoto wako tungewaambia nini?” Khalati ananihadithia kuwa hakuwa na jibu.

Naye hakuwa na jibu kwa sababu mambo mengine yote aliyatimiza. Dawa ilikuwa nzima, sindano aliidunga wakati wake, kiasi kilikuwa kile alichoandikiwa. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja miongoni mwa wale wenyeji ajuaye kuwa aliyekwisha kudungwa sindano hana budi kula. Lau mmoja tu angejua, mahamri yangeliwa kabla ya kutoka, na safari ya Shela ingekuwa na kumbukumbu nyingine.

Kabla ya kufunga virago

Mwenye kisukari anayetaka kusafiri na aende kliniki yake mapema, kiasi cha mwezi mmoja kabla. Asiende kuomba ruhusa tu. Aende na maswali. Je, siku nitakazotembea sana nipunguze kiasi cha insulini, na kwa kadiri gani? Chakula kikichelewa nifanye nini? Nikitapika au nikiharisha, dawa ipi niendelee nayo na ipi niisimamishe? Majibu yaandikwe, kwa sababu hapana atakayeyakumbuka akiwa juu ya mashua. Wala mtu asijipunguzie wala asijiongezee dawa kwa kusikia jirani alifanya hivyo.

Yafaa pia kila mgonjwa azijue dawa zake kwa majina. Si vidonge vyote vilivyo sawa. Metformini ikitumiwa peke yake kwa kawaida haiishushi sukari kupita mpaka. Glibenklamidi ni nyingine: yaweza kuishusha, na kwa wazee athari yake huweza kudumu kwa saa nyingi. Insulini nayo ni hivyo hivyo. Basi mwenye kutumia glibenklamidi au insulini asiwe mbali na sukari ya haraka hata kwa hatua 10.

Mwombeni daktari barua fupi inayotaja ugonjwa, dawa na sindano. Kwa safari ya ndege barua hii huondoa maswali mengi kwenye ukaguzi. Kwa safari ya basi humsaidia daktari mgeni kujua anaanzia wapi.

Dawa zichukuliwe mara mbili ya zile zinazohitajika, kwa kuwa safari ya siku nne yaweza kuwa ya siku saba. Zigawanywe mafungu mawili: fungu moja kwenye mkoba wa mgonjwa mwenyewe, fungu la pili kwenye mkoba wa mtu mwingine. Lisiwekwe fungu lolote katika buti ya basi, ambako joto huwa kali mno, wala katika mizigo ya chini ya ndege, ambako baridi yaweza kuigandisha insulini. Mashine ya kupimia sukari, betri zake na stripi zake nazo zikae mkobani, maana stripi huharibika kwa joto na unyevu, na stripi iliyoharibika hutoa jibu la uongo.

Insulini na joto letu

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa nje kwa muda wa wiki 4 hivi, maadamu joto halikuzidi nyuzi 25 hadi 30 kwa kadiri karatasi yake inavyoeleza. Someni karatasi hiyo. Pwani yetu katika miezi ya kaskazi huvuka kiwango hicho kwa wepesi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya hapo.

Njia nyepesi ni chupa ya thamosi yenye mdomo mpana. Tieni vipande vichache vya barafu chini, kisha kitambaa kizito, kisha insulini iliyofungwa ndani ya mfuko mkavu. Isiguse barafu. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana kama ya kawaida, itupwe. Mkifika mahali pasipo na friji, rejeeni ujuzi wa mabibi zetu: mtungi wa udongo. Maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka kwa upepo huondoka na joto, ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi hata mchana wa jua kali. Tumieni chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, ndani yake chungu kidogo kikavu chenye dawa, kifuniko juu, na vyote viwekwe kivulini penye upepo.

Kabla ya kila sindano itazameni insulini. Ile ambayo kwa asili ni angavu kama maji, ikiwa na ukungu msiitumie. Ile ya mchanganyiko ambayo kwa asili ni nyeupe kama maziwa, ikibaki na madonge baada ya kuviringishwa kwa upole viganjani, msiitumie. Sindano zilizotumika zitiwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki na zirudi nyumbani. Zisitupwe baharini wala vichochoroni ambamo watoto hupita peku.

Ndani ya basi

Basi la Mombasa hadi Mokowe hula sehemu kubwa ya mchana. Hupita Malindi, likafika Garsen na Witu, na huweza kusimamishwa njiani kwa muda ambao dereva mwenyewe haujui. Kisha ipo mashua ya kuvuka hadi Lamu. Kwa hiyo mwenye kisukari asiutegemee mkahawa wa njiani. Achukue chakula chake: mkate wa unga usiokobolewa au chapati moja, mayai ya kuchemsha, njugu, matango, na ndizi moja ndogo. Aliyejidunga insulini ya kula na ale kwa saa ile ile aliyozoea, basi liwe linakwenda au limesimama.

Liko jambo ambalo wanawake tunalifanya na hatulisemi. Tukijua kuwa safari ni ndefu na vyoo ni vichache, hatunywi maji. Tunakaa na kiu tangu Mombasa hadi Garsen ili tusimwambie dereva asimame. Kwa mwenye kisukari hili ni hatari. Mwili ukikauka, sukari katika damu hupanda. Ikipanda, mkojo huzidi. Ukizidi, mwili hukauka zaidi. Maji yanyweke kidogo kidogo njia nzima. Na mmoja wa wanaume wa safari, awe mume, kaka au mwana, amwambie dereva tangu mwanzo kwamba yupo mgonjwa atakayehitaji kushuka. Hiyo ni kazi yake mwanamume, mama asiachiwe aione haya peke yake.

Sharia yetu imemtazama msafiri na mgonjwa kwa huruma. Kufupisha na kukusanya sala kwa masharti yake ni wepesi uliowekwa ili utumike, na masheikh wetu wako tayari kufafanua. Msafara uliopanga sala zake vizuri haumlazimishi mgonjwa kuahirisha chakula.

Sinia la wenyeji

Tukifika Lamu, au Unguja, au popote penye jamaa zetu, mtihani mkubwa huwa ni mapenzi. Mwenyeji ameamka usiku kutayarisha. Kuna biriani, kuna samaki wa kupaka, kuna mkate wa sinia, na baadaye huja kahawa na halua. Mgeni akikataa, huhofia kuonekana ana kiburi. Akila vyote, usiku hulala na sukari iliyopanda.

Mwenyeji akijulishwa mapema, haya yote husahilika. Samaki, kachumbari, mchicha na maharage ni chakula cha Pwani hii hii, na mwenye kisukari hula kwa raha. Wali na biriani si haramu kwake. Ni suala la kadiri. Sahani na igawanywe: nusu yake mboga, robo samaki au nyama, robo wali. Tui la nazi ni zito, basi lisirudiwe. Akitaka kuonja halua na aonje kipande kidogo baada ya chakula, si kabla, wala asile pamoja na tende na sharubati kwa mkupuo mmoja. Dafu lina sukari yake, japo ni kidogo kuliko ya soda; moja latosha, wala lisichukue mahali pa maji.

Na nyinyi wenyeji, ndugu zangu, msimwambie mgonjwa, “Leo tu, haidhuru.” Atakapokwenda nyumba tatu kwa siku, leo tu itakuwa mara tatu.

Kumbukeni pia kunawa kabla ya kupima. Kidole kilichomenya embe au kushika halua hutoa namba ya juu isiyo ya kweli, na mtu akaongeza insulini juu ya uongo wa embe. Maji na sabuni kwanza, kidole kikauke, kisha sindano ya kupimia.

Miguu

Lamu ni mji wa kutembea. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na uzuri wake umo humo vichochoroni ambamo gari halipiti: mawe, ngazi, punda, milango ya nakshi. Kutembea ni dawa nzuri kwa mwenye kisukari, lakini hushusha sukari, tena athari yake huweza kuendelea hadi usiku. Aliyetembea sana mchana na apime kabla ya kulala, na asilale na njaa.

Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu akajikata na kome au msumari asijue, na kidonda kidogo kikawa chanzo cha kukatwa mguu. Basi viatu vya safari viwe vile vilivyozoeleka, vya kufunika vidole, pamoja na soksi. Viatu vipya havianziwi safarini. Pwani ya Shela ina mchanga mzuri kuutazama, lakini adhuhuri huwaka moto; asitembee peku hata kidogo, na hata majini aingie na viatu vyepesi.

Hapa nawaomba tufikiri juu ya misikiti yetu. Tunavua viatu mlangoni, kisha tunapita ua wa saruji uliochomwa na jua tangu asubuhi. Mwenye hisia ataruka. Aliyepoteza hisia atatembea kwa utulivu, na usiku ataona malengelenge. Aingie na soksi, au apitie upande wa kivuli. Na baada ya udhu, aifute miguu kwa kitambaa kikavu, hasa baina ya vidole, kwa kuwa unyevu unaobaki hapo mara tano kwa siku hualika ukungu na michubuko. Kila usiku kabla ya kulala, binti au mume amtazame nyayo zake kwa taa. Ni dakika mbili, na ni ibada ya huruma.

Sukari ikishuka, na ikipanda

Dalili za kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, na ile hasira isiyo na sababu iliyomshika khalati. Mama mpole akibadilika ghafla, msikasirike, mpimeni. Namba ikiwa chini ya 4 kwa mashine zetu, au ikiwa mashine haipo karibu, mpeni sukari mara moja: vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa. Halua nayo si dawa ya haraka, kwa kuwa samli iliyomo huichelewesha sukari kufika kwenye damu. Ngojeni dakika 15, pimeni tena. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Akipata nafuu ale kipande cha mkate au wali ili isishuke tena.

Akiwa amezimia, msimtie chochote kinywani, wala msimdunge insulini. Mlazeni kwa ubavu na kimbieni hospitali. Lamu mjini ipo hospitali ya King Fahd, lakini aliyeko Takwa, katika kisiwa cha Manda, yuko mbali nayo kwa mashua, na njia ya huko hutegemea maji kujaa. Kwa sababu hiyo sukari ya haraka iwe mfukoni mwa watu wawili kabla mashua haijang'oa nanga, na nahodha aambiwe.

Sukari inayopanda huja polepole: kiu, mkojo wa mara kwa mara, uchovu, macho kuona ukungu. Namba ikizidi 15 na isishuke, au mgonjwa akianza kutapika na kuhema, hiyo ni safari ya hospitali hata kama ni siku ya mwisho ya matembezi. Anayetumia insulini asiiache kabisa kwa sababu tu hali chakula. Hapo ndipo yale maelekezo ya daktari yaliyoandikwa yanapohitajika.

Kwa wanaokwenda mbali

Wanaokwenda Istanbul au Jeddah wasihofu tofauti ya saa, kwa kuwa miji hiyo hufuata saa moja na sisi. Dubai imetutangulia kwa saa 1, na India kwa saa 2 na nusu. Marekebisho yake ni madogo. Anayekwenda Marekani au Malaysia na apange na daktari wake saa za sindano kabla ya kuondoka. Tahadhari nyingine ni ya namba. Mashine zetu husoma milimoli kwa lita, ilhali katika nchi nyingi za Ghuba na India husoma miligramu kwa desilita. Namba yao ikigawanywa kwa 18 hupatikana namba yetu. Hivyo 100 ya huko ni kama 5.6 ya hapa, wala si jambo la kumtia mtu hofu. Na 70 ya huko ndiyo ile karibu 4 inayotaka sukari haraka.

Kuitoa siri

Tukirudi kwa khalati, mwaka uliofuata alisafiri tena na wakwe wale wale. Safari hii binti aligawa kazi kabla ya kutoka Mombasa, mbele ya wote. Mavyaa alichukua fungu la pili la dawa. Mkwe mwanamume alibeba chupa ya thamosi. Mjukuu akapewa daraja yake rasmi: pakiti ya sukari mfukoni, na ruhusa ya kumwambia mtu mzima yeyote, “Bibi hajala.” Khalati ananambia kuwa mara ya kwanza kujidunga mbele ya mavyaa mkono ulimtetemeka, na haukuwa mtetemeko wa sukari. Mavyaa aligeuza uso kwa heshima, kisha akamsogezea sahani.

Najua kwa nini tunaficha. Tunaogopa binti zetu kukosa waume, tunaogopa kuhurumiwa, tunaogopa kuitwa wagonjwa katika kikao cha harusi. Hofu hizo ni za kweli, na jamii inayowasengenya wagonjwa ina lawama yake mbele ya Mola. Lakini mwili ni amana, na amana hailindwi kwa kuizungushia pazia. Si lazima ugonjwa utangazwe sokoni. Yatosha wale mnaokula sinia moja na kupanda mashua moja wajue mambo matatu: una nini, unatumia dawa gani, na ukibadilika wakupe nini.

Basi wiki hii, kabla ya kukata tikiti, mketisheni mama na mumwulize. Na wewe mama unayeusoma ukurasa huu kimya kimya, usingoje kuulizwa. Mwite mmoja wao leo, umwoneshe sindano inapokaa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasahilishie wasafiri wetu, na awarejeshe nyumbani wote kwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.